Kitabu cha Ardhi na Haki ya Kujibu

Mtu akisoma habari za kweli juu ya ardhi anayoilima, ukweli ule unamdai nini? Swali hili si jepesi kama linavyoonekana kwa mara ya kwanza. Msomaji wa hadithi ni mgeni katika nyumba ya watu: hula, hushukuru, akaenda zake, wala hapana amdaiye. Lakini mkulima akisoma kwamba vijito hukauka pale misitu inapofyekwa, au kwamba majira ya mvua yanabadilika kwa ajili ya moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima, yeye si mgeni tena. Ametajwa. Amekuwa kama mwenye nyumba anayesomewa hati ya deni barazani pake, mbele ya jirani zake. Je, inampasa kulipa papo hapo, kwa kuwa hati imeandikwa na watu wenye elimu? Au anayo haki ya kuuliza kwanza ni nani aliyekopa, ni nani aliyeandika hati, na kwa nini hati imefika kwake kabla ya kuwafikia wengine?

Nataka kulichungua jambo hili mahali panapojulikana, maana maneno ya wema yasiyo na mahali hupeperuka kama makapi. Tuchukue Mazinde, katika wilaya ya Korogwe. Mazinde ipo chini ya genge la milima ya Usambara ya magharibi, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Pepo zenye mvua hutoka baharini, zikamwaga sehemu kubwa ya mzigo wao milimani, na bonde likabaki na haba. Juu ni ukungu na miti. Chini ni jua na vumbi. Tuseme kwamba watu kumi na wawili wa hapo wamekubaliana kukutana kila juma, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, wapitie vitabu vya mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Yumo mwalimu, yumo mama auzaye nyanya kando ya barabara, yumo kijana wa bodaboda, yumo mzee aliyekata mkonge ujanani mwake. Kikundi hiki nimekibuni kwa ajili ya hoja. Mambo watakayokutana nayo sikuyabuni.

La kwanza watakalolitambua ni kwamba ardhi yao ilianza kuandikwa zamani, na kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi, aliyefanya kazi na watawala wa Kikilindi na kuwajua kwa karibu, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa Magila kwa sehemu kati ya miaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Wengi hukisoma kama kitabu cha wafalme na vita. Mimi naona kwamba ni kitabu cha mazingira pia, na cha busara. Mbegha hakupewa ufalme kwa sababu ya upanga. Alikuwa mwindaji, aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama, na watu wakamtawaza. Uhalali wa mtawala ulitoka katika shamba lililookolewa. Wasambaa wenyewe wanayo maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi hata mvua inyeshe na chakula kiive, na kubana shi, yaani kuiharibu. Wakubwa waliposhindana wao kwa wao, watu walisema nchi imeharibiwa. Hawakutafuta sababu ya njaa mawinguni peke yake.

Na Mazinde ina nafasi yake katika habari hiyo. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alipata nguvu kuliko ndugu zake, lakini hakupenda kukaa Vugha milimani, mji wa enzi na wa ibada za nchi. Alikaa Mazinde, katika njia ya misafara, palipokuwa na bunduki, nguo na biashara ya watumwa. Alichagua soko akaiacha mvua. Sitaki kumhukumu mtu wa karne nyingine kwa haraka. Lakini kikundi chetu kikisoma habari hii hakitakosa kuona kwamba swali la kiongozi anayejali njia ya biashara kuliko chemchemi halikuanza jana.

Baadaye elimu mpya ilifika, na ilifika na shoka. Reli ya Tanga ilianzwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa Kijerumani, alipokea miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyopakiwa, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo kilifunguliwa Amani, katika Usambara ya mashariki, na wenye elimu wakapanda huko mimea ya kila pembe ya dunia. Na kabla ya vita vya kwanza vya dunia ilijengwa njia ya kamba za chuma kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, jirani na Mazinde, na mbao za mwangati zikashushwa zikining'inia hewani juu ya magenge. Watu walioandika majina ya miti kwa uangalifu mkubwa, na watu walioikata, walitumikia serikali moja na kupanda garimoshi moja. Kwa hiyo msomaji wa Mazinde asiambiwe kwamba ujuzi wa mazingira siku zote ni rafiki wa mazingira.

Nafika sasa kwenye kisa ambacho ndicho moyo wa insha hii.

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mpango wa kuiokoa ardhi ya bonde la Mlalo, katika milima hiyo hiyo ya Usambara, na kuanzia mwaka 1950 mpango ukapanuliwa. Wataalamu walisema kwamba udongo unamomonyoka. Kwamba miteremko mikali inalimwa isivyofaa. Kwamba mifugo imezidi. Dawa yake ilikuwa matuta yanayokata mteremko, na marufuku ya kulima au kuchunga mahali fulani. Asiyetii alishtakiwa akatozwa faini. Watu walichukia mpango huo kwa nguvu nyingi. Kazi ya matuta ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake na maskini. Mavuno yaliyoongezeka hayakulingana na jasho. Na wengi walihofu kwamba ardhi inayopimwa na serikali leo ni ardhi itakayochukuliwa na serikali kesho. Huko Uluguru, mwaka 1955, ugomvi wa matuta ulifikia hata mtu kupigwa risasi akafa. Katika Usambara hasira ile iliingia katika siasa ya kudai uhuru, na serikali ikauacha mpango wake kabla bendera yake haijateremshwa.

Hapa pana fundo, na kikundi cha wasomaji kitakacholikwepa hakitakuwa kimesoma. Wataalamu walisema kweli: udongo ulikuwa unamomonyoka. Na watu walikuwa na haki ya kukataa. Mambo haya mawili yalikuwa ya kweli kwa pamoja. Mwenye kuandika historia ya uhuru hupenda kulitaja la pili na kulisahau la kwanza. Mwenye kuandika taarifa ya hifadhi hufanya kinyume. Lakini udongo haukungoja siasa imalizike. Matuta yalipoachwa kwa furaha, mvua haikufurahi. Iliendelea kuuchukua udongo wa mtu huru kama ilivyouchukua wa mtawaliwa, hata miaka ya 1980 ikabidi kazi ya kuuzuia mmomonyoko ianzwe upya Lushoto kwa njia nyingine.

Yafuata nini? Wako watakaosema kwamba watu wale walikosa elimu, na kwamba lau wangalisoma wangalikubali. Sidhani. Walichokosa ni nafasi ya kujibu. Habari ya udongo haikuletwa kwao kama habari. Ililetwa kama amri, na amri haina msomaji, ina mtiifu na mkaidi tu. Mtu aliyezuiwa kusema "hapa umekosea, na hapa umesema kweli" hubakiwa na njia mbili: kukubali lote au kukataa lote. Walikataa lote, pamoja na ile sehemu iliyokuwa kweli. Uovu wa kumlazimisha mtu ukweli ni huo, kwamba humfanya aukimbie ukweli wenyewe pamoja na aliyeuleta.

Baada ya uhuru njia nyingine ilijaribiwa, nayo inakaribia sana kikundi nilichokibuni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata vikundi vya kusoma na kusikiliza redio viliundwa nchi nzima. Mwaka 1973, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana kwa majuma kumi na mawili: walisikiliza matangazo ya redio, wakasoma au kusomewa kijitabu, wakazungumza, wakaamua la kufanya, nao wakachimba vyoo kwa wingi. Mwaka 1980 ikaja kampeni ya Misitu ni Mali, kwa utaratibu huo huo. Wala si jambo dogo kwamba taifa maskini, ambalo watu wake wengi walikuwa ndio kwanza wamejua kusoma, liliwaketisha wakulima chini ya miembe kuzungumza juu ya misitu kwa kutumia kitabu.

Hata hivyo nina shaka moja, nami naisema kwa heshima. Kijitabu kilikwisha kujua mwisho wa mazungumzo kabla ya mazungumzo kuanza. Kikundi kiliweza kuamua kupanda miti mingapi, na wapi. Hakikutazamiwa kuamua kwamba kijitabu kimekosea. Hata jina lenyewe lilikwisha kujibu swali kubwa: misitu ni mali. Je, ni mali tu? Mzee wa Kisambaa anayejua kwamba upo msitu ambao hauingiliwi, kwa sababu ya waliozikwa humo, angeweza kusema kwamba msitu ukiitwa mali umekwisha kupangiwa bei, na chenye bei mwisho wake hununuliwa. Sijui kama kikundi chochote kilimsikia akisema hivyo. Lakini lau alisema, palikosekana njia ya maneno yake kurudi kwa mwandishi. Redio husema, haisikii.

Haki ya kujibu si pambo la adabu. Ni sehemu ya kusoma kwenyewe, na mara nyingine ndiyo inayoukamilisha ukweli. Nitatoa mifano miwili.

Mwaka 1962 mwandishi wa Marekani, Rachel Carson, alitoa kitabu chake Silent Spring, kilichowaamsha watu wengi kuona jinsi sumu za kuulia wadudu zinavyoua ndege na samaki na kumrudia binadamu. Miongoni mwa sumu alizozishtaki ni dieldrini. Tuseme kitabu hicho kinasomwa Mazinde. Atatokea mtu mwenye jamaa upande wa Pare, akumbushe kwamba kati ya miaka 1955 na 1959 nyumba za Pare na Taveta zilinyunyiziwa dieldrini hiyo hiyo ili kuua mbu, kwa kazi iliyosimamiwa na wataalamu wa malaria wa Amani, na kwamba malaria ilipungua sana, na vifo vya watoto vikapungua. Unyunyizaji ulipokoma, malaria ilirejea polepole. Sasa msomaji afanye nini? Carson hakusema uongo, wala hakutaka dawa zote zipigwe marufuku. Lakini kitabu kilichoandikwa mahali ambapo hasara kubwa ni ukimya wa ndege kitasomeka namna nyingine mahali ambapo ukimya unaoogopwa ni wa mtoto. Msomaji wa Pare hakikanushi kitabu. Anakiongezea ukurasa ambao mwandishi wake hakuwa na njia ya kuuandika.

Mfano wa pili ni barafu ya Kilimanjaro. Zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu iliyokuwapo mwaka 1912 zilikuwa zimetoweka karne hii ilipoanza, na picha za kilele chake zimekuwa ishara ya mabadiliko ya tabianchi kote ulimwenguni. Watu wa bonde la mto Pangani hupenda kusema kwamba mto utakauka barafu ikiisha. Hoja hiyo ni tamu, kwa kuwa inamweka mkosaji mbali, ng'ambo ya bahari. Lakini waliouchunguza mlima ule wameona kwamba maji yatokanayo na barafu ni kidogo sana yakilinganishwa na maji ya mvua na ukungu unaonaswa na misitu, na kwamba moto ulioteketeza misitu ya juu umepoteza maji mengi kuliko barafu iliyopotea. Hata sababu za barafu kupungua zimebishaniwa: wengine hutaja joto la dunia, wengine hutaja zaidi ukavu wa hewa ulioanza tangu mwisho wa karne ya 19. Basi hapa kikundi kinajibiwa na kitabu. Kilitaka kumshtaki mgeni, na kitabu kinakionyesha kiberiti mkononi mwa jirani.

Wala mgeni haachiliwi. Bara zima la Afrika hutoa chini ya sehemu 4 kwa 100 za hewa ya ukaa inayotokana na viwanda na nishati duniani, na mkulima wa Mazinde ndani ya hesabu hiyo haonekani. Yule mzee wa mkonge anayo hoja yake hapa, na ningependa asikilizwe mpaka mwisho. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani zipatazo 230,000 za mkonge, ikiongoza dunia. Mabonde yalikuwa yamefyekwa kwa ajili ya zao ambalo hakuna aliyelila. Kisha zikaja kamba za plastiki, zitengenezwazo kwa mafuta ya petroli, bei ikaanguka, na kufikia miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 30,000. Makorona mengi yakanyamaza. Mafuta yaliyomnyima kazi yake ni yale yale ambayo moshi wake sasa unasemekana kumnyima mvua. Je, aambiwe apande miti ili aisaidie dunia? Huenda akapanda, na huenda kupanda kukawa jambo jema. Lakini asipewe hati ya deni kana kwamba yeye ndiye aliyekula mkopo.

Lugha yetu yenyewe inatutega kidogo katika jambo hili. Tumeliita tabianchi, na tabia kwetu ni neno la malezi: mtoto ana tabia, na tabia ikiharibika huulizwa nani aliyemlea. Nadhani ni bahati njema kwamba waliolichagua neno hili walichagua neno lenye lawama ndani yake, kwa maana linamfanya msomaji aulize swali la mlezi kila alitamkapo. Lakini kuna hatari kwamba atajiuliza yeye peke yake, kwa sababu nchi anayoiona ni ya kwake.

Najua nitakalopingwa nalo. Nitaambiwa kwamba kikundi kinachojibu kila kitabu kitageuka kuwa baraza la udhuru. Kwamba mkata mkaa atasema Ulaya ianze, Ulaya itasema China ianze, na hapo msitu umekwisha. Pingamizi hili lina uzito, nami siliondoi kwa neno moja. Haki ya kujibu si haki ya kukanusha. Aliyesema Mlalo kwamba matuta yanamchosha mkewe bure alijibu. Aliyesema kwamba udongo hauondoki alidanganya, na mteremko wenyewe ulimshuhudia. Tofauti ya watu hawa wawili haionekani vitabuni. Huonekana pale tu wanapokaa pamoja watu wanaolijua shamba moja, kila mmoja akimjua mwenzake analima wapi na anachoma nini. Hii ndiyo sababu ninayaona mazungumzo ya kikundi kuwa bora kuliko usomaji wa upweke katika vitabu vya namna hii. Peke yangu naweza kujidanganya jioni nzima. Mbele ya mama wa nyanya, ambaye ameniona nikishusha magunia ya mkaa, nitajidanganya kwa dakika chache tu.

Lakini hata kikundi chema kina upungufu wake, na huu nauona mkubwa kuliko ule wa udhuru. Watu kumi na wawili wa bondeni wakisoma kwamba misitu ya milimani ndiyo ghala ya maji yao, watakubaliana na kitabu upesi, kwa kauli moja, na watatoka wakijiona wema. Haikuwagharimu kitu. Gharama ya sura ile iko juu, kwa watu wa Lushoto wanaohitaji kuni za kupikia na kipande cha kulima viazi, kabichi na karoti, ambao vipande vyao hupungua kila vinaporithiwa. Huko juu iko Mazinde nyingine, iitwayo Mazinde Juu. Kikundi cha Mazinde ya chini kikimaliza sura ya misitu, kisiifunge bado. Kitoe nauli, kipande mlima na kitabu kile kile, kiketi na watu wa huko, na sura isomwe tena tangu mwanzo, safari hii ikisomwa na wale watakaoambiwa waache kukata. Na waliotoka bondeni wawe tayari kuulizwa watachangia nini.